Televisheni Ikiwa Bado Baharini

Jumatatu, 1 Septemba
Dagaa nimeanua mapema, upepo unaleta mchanga. Nikapita dukani Mwanga. Ile televisheni ya inchi thelathini na mbili imeshuka bei tena! Nikagusa kioo chake, muuzaji akaniangalia vibaya. Hela tunayo, inatosha. Baba Zawadi anasema tusubiri, dada yake wa Dar anaagiza China, huko bei ni nusu. "Anayenunua leo ni mjinga wa kesho." Nikacheka. Moyoni nimeudhika.

Alhamisi, 4 Septemba
Jirani, Mama Shamimu, anataka watoto waoshe miguu ndipo waingie kwake kuangalia katuni. Namnawisha Zawadi, akifika ana vumbi tena, anarudishwa. Leo nikambeba mgongoni mpaka mlangoni. "Mama Zawadi, na wewe umefuata katuni?" Wakacheka wote. Mwanangu ana miaka minne, ameshajua kudharauliwa. Inauma.

Jumapili, 7 Septemba
Mbalamwezi. Dagaa hawafuati taa, mitumbwi haitoki, baba Zawadi yupo nyumbani. Tumebishana. Mimi nataka ya dukani, tuibebe leo leo. Yeye ya China. Mwisho nikakubali. Nafuu ni nafuu, na chenji itanunua king'amuzi. Katuma hela yote kwa dada yake, anunue vyote viwili. Na mimi nilifurahi, nisijidanganye.

Jumanne, 23 Septemba
Wifi kapiga simu. Mzigo umepakiwa melini. Nimemwambia Zawadi.
"Inakuja na katuni ndani?"
Ndiyo, mama. Ndani.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mama Shamimu kafunga mlango. Watoto wakapanda matofali wachungulie dirishani. Zawadi kaanguka. Mkono wa kulia, kiwiko kimekaa kama si chake. Mimi nilikuwa ufukweni Katonga naanika dagaa. Sikuwepo.

Jumapili, 12 Oktoba
Daktari kasema apasuliwe, awekewe vyuma, tena upesi. Kataja gharama. Hela yetu ingetosha, ndiyo ile iliyokwenda China. Baba Zawadi kampigia dada yake.
"Kaka, meli iko baharini. Nitairudishaje?"
Baba Zawadi kakata simu, kakaa chini. Nikamwita mjinga mbele ya mtoto. Sijutii.

Jumatano, 15 Oktoba
Mwenye mtumbwi anaovulia baba Zawadi kagoma kutukopesha. Mama mkwe kasema kuna mzee kijijini Kalinzi anaunga mifupa. Tukapanda bodaboda, Zawadi katikati yetu. Mzee akauvuta mkono, akaufunga vijiti. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Mimi ndiye niliyemshika asichomoke. Mimi mama yake.

Ijumaa, 21 Novemba
Vijiti vimefunguliwa. Mkono haunyooki, haukunjiki. Mzee anasema tuuchue na mafuta. Nachua asubuhi na jioni. Labda.
Wifi katuma picha, boksi limefika Dar. Dukani Mwanga bei imeshuka mpaka inakaribia ile ya China. Niliamua nisimwambie baba Zawadi. Kisha nikamwambia.

Jumapili, 7 Desemba
Imefika, na king'amuzi chake. Haina hata mkwaruzo. Picha nzuri sana, siwezi kusema uongo. Baba Zawadi kaifunga ukutani, katoka nje, hajakaa kuangalia. Zawadi kaona katuni, kacheka, kwanza polepole. Nikampa ugali na samaki, mgebuka, palepale. Kala kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe alikuwa mkekani, naye huyo hakuwahi kumwacha mjukuu ashike hata kikombe kwa kushoto. Akamtazama. Akamsogezea sahani.