Kona Tuliyoiwekea Maua Siyo Yake

Wewe unayesoma tangazo hili, usigeuze ukurasa wa gazeti. Kugeuza shingo umezoea: kila Siku ya Watakatifu Wote ulimwona mama yetu na maua yake kwenye kona ya barabara ya Valdecorzos, ukajifanya unatazama mawingu.

Mwaka umetimia, Mama Edelmira, tangu utuache. Birika lako la kahawa lipo jikoni na hakuna anayethubutu kulisugua, maana ulisema sabuni huua ladha.

Ulikuwa mpole hata kwa mwoka mikate aliyekwambia, "Edelmira, waache wafu walale." Ukamjibu, "Wa kwako kalala makaburini, Bwana Higinio. Wa kwangu katupwa. Ungepoteza mbuzi, si ungetuamsha kijiji kizima?" Akakuongezea mkate.

Ulikuwa unanyonya bado wenye bunduki walipomtoa babu Fructuoso, baba yako, nyumbani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, wakampiga risasi na kumfukia konani. Bibi alipeleka maua hapo hadi alipokufa.

Mwezi huu wanaakiolojia wamechimba pale pale ulipoweka maua yako. Hakuna kitu. Bi Itziar, mkuu wao, akaniita: "Saturio, udongo huu haujawahi kuchimbwa na mtu. Barabara hii ilinyooshwa lini?"

Mama, ndipo nilipoelewa. Walipoinyoosha na kuiweka lami Bibi alikwisha kufa, nawe ulikuwa Madrid, unafua nguo za watu. Uliporudi uliikuta kona, ukaiwekea maua, kumbe kona ilikwisha kuhamishwa! Babu kabaki mahali fulani chini ya shamba la ngano la jirani. Na waliojua walikuangalia tu, miaka yote ile.

Mate yako uliyowaachia kabla ya kufa wanayo kwenye kichupa, wayalinganishe na mfupa. Mfupa ndio hatuna. Kibali cha kuchimba kinaisha Ijumaa, na usingizi umenipaa: tukikosea tena, wanafukia na kuondoka.

Unakumbukwa nasi wanao, Saturio na Visitación, mkweo Amancio na mjukuu wako Nerea. Hutatutoka moyoni kamwe.

Na wewe uliyevunja mawe ya barabara ile ukiwa kijana, unayejua ilipinda wapi, unamwogopa nani sasa? Waliokutisha wamekufa, tena wamezikwa kwenye makaburi yenye majina. Alhamisi asubuhi tutakuwa shambani. Njoo na fimbo yako, uichomeke ardhini, useme: hapa.