Kiti Namba Nne na Toleo la Nukta Sifuri

Jumatatu, 30 Septemba

Leo Tuiloma ametuponza. Wageni wafadhili wameketi mkekani, kinywaji cha heshima, ava, kimeshanywewa, naye mkurugenzi wetu kasimama na usinga wake begani: “Sikukuu ya Jumatatu, tarehe kumi na nne, kliniki hii itahamia toleo jipya kabisa la kanzidata. La kumi na nne!” Makofi. Pesamino, kijana ninayefanya naye kazi ya kompyuta, alipiga kuliko wote.

Mimi ndiye mtunza kanzidata. Hakuna aliyeniuliza.

Kuhama ni lazima, sibishi. Toleo letu la tisa litaacha kupewa viraka, yaani marekebisho ya usalama, Novemba, na kanzidata isiyopata viraka sitaiacha ishike foleni ya wagonjwa wa figo themanini na sita. Lakini nilikuwa nimeshachagua la kumi na mbili. Limetiwa viraka mara nane. Wenzetu duniani wameshaumia nalo, limetulia. La kumi na nne lina wiki tatu tangu litoke. Kumi na nne nukta sifuri! Hata jina halijakauka wino.

Jumatano, 2 Oktoba

Pesamino karudi kutoka Auckland mwaka huu, na ulimi wake umerudi na moto. “Dada Losi, wewe ungeachiwa, tungeandika wagonjwa kwenye magome ya mti.” Nikamwambia magome hayahitaji umeme. Tukacheka.

Ila ana hoja, na imenikaa kichwani kutwa nzima. La kumi na mbili litaishiwa viraka baada ya miaka miwili, tuanze upya jasho hili. La kumi na nne ni miaka mitano. Je, ninachoita utulivu ni uvivu wangu tu? Nina miaka arobaini na mitatu. Huenda nimeanza kupenda vitu kwa sababu navijua.

Nimesoma orodha ya kasoro za yote mawili. Kumi na mbili: mistari sita, midogo. Kumi na nne: kurasa. Labda utulivu ndio huo — si kukosa kasoro, ni kasoro zako kujulikana zinakaa wapi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tumejaribu kwenye nakala. Nilichukua data zote za Jumatatu asubuhi, nikaziingiza kwenye matoleo yote mawili. Mwenyewe nilishangaa! Kumi na nne linakimbia. Orodha iliyokuwa ikichukua dakika nzima ilitoka kabla sijakaa sawa. Pesamino alicheza katikati ya chumba, nami nikafurahi, kweli nikafurahi.

Kisha nikasoma foleni ya viti vya kusafishia damu, jina kwa jina.

Kwenye la kumi na nne, wagonjwa wanne hawako mahali pao. Ni wale waliokwenda kwa watoto wao Pago Pago, visiwa vya jirani ng'ambo ya mstari wa tarehe, wakasafishwa damu huko. Huko kalenda iko nyuma yetu siku moja: Ijumaa yao ni Jumamosi yetu. Toleo la kumi na mbili linalijua hilo. La kumi na nne linaongeza siku mara mbili. Mama Fa'amoana wa kiti namba nne alisafishwa Jumamosi yetu, akarudi kwa ndege ya jioni. Lenyewe linasema Jumapili. Kwa hiyo limemwona amesafishwa jana tu, likamtupa nyuma ya foleni hadi Jumanne.

Mtu asiye na figo maji hayamtoki. Siku moja ya ziada ikimkuta vibaya, yanapanda kifuani.

Pesamino: wanne tu, tutawaandika kwa mkono. Nikamuuliza, na yule wa tano tusiyemjua je?

Na huyo Mama Fa'amoana ni dada mkubwa wa Tuiloma.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya ibada, chakula cha mchana kwa mama yangu mzazi. Palusami ya majani na tui la nazi, viazi vya taro, watoto wanakariri mistari yao ya Jumapili ijayo, Jumapili ya watoto kanisani, ambayo kesho yake ni sikukuu, kila mmoja anamsahihisha mwenzake vibaya.

Nilimweleza mama yangu. Hakufikiri hata kidogo. Mwambie dada yake Tuiloma, alisema. Tuiloma anaweza kumkatalia waziri, dada yake hamkatalii, nani asiyelijua hilo?

Ni kweli. Kwa desturi yetu, kaka kwa dada yake hana hapana. Neno moja la Fa'amoana na mambo yameisha. Lakini nimfanye mgonjwa nyundo? Na Tuiloma atajua nani aliyeishika.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Tuiloma mwenyewe, peke yangu, na karatasi ya majina ya wale wanne na siku walizoandikiwa. Hakuitazama. Neno langu limeshatoka mbele ya wageni, alisema, rekebisheni. Nikasema kasoro ni ya wenye toleo, kiraka wameahidi mwezi ujao. “Mwezi ujao si Jumatatu, Losi.”

Nikasema, “Ndiyo, Tuiloma.” Nikatoka.

Ndiyo! Miaka kumi na tano kazini na hilo ndilo neno nililopata. Nimejichukia hadi jioni. Jina la dada yake lilikuwa kwenye karatasi ile ile, mstari wa tatu, na sikulitaja. Niliogopa ataona namtishia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mama Fa'amoana kaniita mwenyewe. Sindano ya mashine mkononi, mkono mwingine unapepea. “Wewe binti, uso umekunja hivyo, kafa nani?”

Nikamwambia. Yote.

Alicheka mpaka nesi akaja kutazama mashine. “Eti nilisafishwa Jumapili? Jumapili nilikuwa kanisani, benchi la pili, Tuiloma kando yangu anasinzia!”

Nikangoja aseme atamwambia kaka yake. Nakiri, nilingoja kwa hamu.

“Simwambii,” alisema. “Nikimwambia atakubali kwa kuwa ni mimi. Hatakuwa ameelewa kitu. Na hao watatu wengine hawana kaka mkurugenzi. Mwambie wewe.”

Nimeshamwambia, Mama.

“Umemwambia ukiwa mlangoni, umeshajiandaa kutoka. Nakujua.” Akafumba macho. “Jumatatu niwekee kiti humo chumbani kwenu. Nitakaa tu.”

Jumatatu, 14 Oktoba

Saa nne asubuhi. Naandika hapa hapa, kwa sababu mikono inataka kazi.

Matoleo yote mawili yako tayari. Foleni ya kesho lazima itoke saa sita. Tuiloma aliingia na nguo yake ya kanisani ya jana, amebeba fomu ya wafadhili. Akamkuta dada yake kitini na upepeo wake. Sauti yake ikashuka papo hapo.

Pesamino akaweka vidole tayari kwenye kibodi. Nikasimama.

“Tuiloma, uniwie radhi. Toleo la kumi na nne sitaliwasha.” Nilisema kama mtoto wa jana kanisani anayekariri mstari wake. Lakini nilisema, mbele ya watu.

Hakunitazama mimi, alimtazama dada yake, akingoja neno. Fa'amoana anatazama dirishani. Anapepea.

Basi akaichukua karatasi yangu ya majina. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama kwenye wa tatu.

“Hii Jumapili ni ipi?”

“Ile ya tarehe ishirini na tisa.”

Midomo yake ikatembea, anahesabu. Kisha — sikutegemea — akaketi chini kwenye mkeka, miguuni pa dada yake. “Wageni nitawaambia nini?” Pesamino ameondoa mikono kwenye kibodi, kaiweka mapajani.

Sasa amelaza fomu gotini. Mstari unasema: Toleo lililochaguliwa. Ameandika 1. Namba zote mbili, 12 na 14, zinaanzia hapo. Kalamu imesimama.

Fa'amoana ameacha kupepea.