Maji Hayakufika Mwisho wa Banda

Banda la Kuku,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Shemeji naye hajambo? Sisi huku tunapumua. Mimi nina mafua kidogo, na hasira, ambayo haina dawa dukani.

Nikupe habari za banda. Unajua nilianza na kuku sita chini ya ngazi za nyumba ya kupanga. Leo ninao mia nne pamoja na majogoo wao, na mayai yangu hayaendi jikoni, yanaenda kwa mwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga. Katika kila mayai mia alikuwa akipata vifaranga themanini na wanne. Tangu Machi wakashuka hadi sitini na mmoja. Trei zikaanza kurudi: mayai madogo, maganda mepesi kama karatasi. Akaniambia bila kupepesa macho, "Mama Kuku, zikiendelea hivi natafuta mtu mwingine."

Nikamwita nani? Mdogo wetu, Spana, kitindamimba wa mama. Si ndiye fundi aliyeniondolea ndoo za maji, zile za kujaa kinyesi na pumba, akanifungia bomba lenye vichuchu, kuku anagonga kwa mdomo maji yanadondoka safi? Nilimsifu mbele ya watu. Basi akazunguka banda, mikono nyuma kama daktari, akasema, "Dada, majogoo wamechoka. Hasa huyu Mkurugenzi."

Nikamchinja Mkurugenzi. Jogoo niliyemlea toka kifaranga! Spana akaja kula, akachukua paja, akatafuna huku akisema, "Mgumu kweli huyu. Ndiyo maana kazi ilimshinda."

Sasa hata idadi ya mayai ikaanza kupungua. Hapo ndipo nikashtuka: jogoo hatagi. Nikaingia bandani na kikombe mchana, maana kuku akishataga ndipo anapokunywa sana. Kichuchu cha kwanza, kikombe kikajaa. Cha mwisho kilitoa machozi. Kuku wa upande ule walikuwa wamebanana, midomo wazi, wanagonga chuma kikavu. Na yai lenyewe, Dada, sehemu kubwa ni maji.

Nikalifuata bomba nje hadi nyuma ya tangi. Kuna kiungo kimeongezwa, kizuri, kimezungushiwa utepe mweupe uliokatwa mshazari, kama akatavyo Spana peke yake. Kutoka hapo mpira umefukiwa hadi ng'ambo ya ukuta, kwenye biashara yake ya kuosha magari. Nilimkuta anaosha lori, maji yanaruka kama hayana mwenyewe.

"Ningekuambia, Dada," akasema. "Ila nilijua utakataa. Na kuku wenyewe hawajalalamika."

"Wamelalamika kwa mayai," nikamwambia. "Wewe ukanitafsiria uongo."

Mpira nimeukata na tundu nimeliziba mwenyewe. Maganda yameanza kukaza. Trei za Alhamisi ndizo zitakazoamua kama nabaki na mnunuzi. Spana hakanyagi hapa.

Sasa lako. Ulipopiga simu mwezi wa nne uliniuliza kama presha ya maji inafika hadi mwisho wa banda. Dada, miaka yote hii swali lako kuhusu kuku wangu ni moja tu: utaletewa lini. Habari ya presha uliisikia kwa nani? Siku ile nilifurahi, nikasema dada yangu ananijali. Kumbe ulijua, ukaja kwa kuzungukazunguka, halafu ukaniacha nimnolee Mkurugenzi kisu.

Msalimie sana shemeji, na binti yako mshonaji. Mungu awalinde, awape afya na maji yasiyokatika. Usiniandikie kumwombea Spana. Niandikie jambo moja tu: alikuambia lini?

Wako akupendaye, hata kwa hili,
Mdogo wako, Mama Kuku.