Mutu Nyuma ya Ndeke

Butembo, siku ya tatu ya juma

Yaya Kavugho, dada yangu,

Huku mvua inanyesha bila kupumzika, kahawa ya mama imeanza kuiva. Filme yangu ya ndeke iko karibu kuisha.

Unakumbuka vile kaka yetu Muyisa alikuwa anatupeleka mu pori, tunakaa kimya mpaka ndeke inasogea? Ni ile ile niko nafundisha banafunzi: acha camera pale, wewe kaa mbali.

Jana mwanafunzi wangu Gracieuse alituonyesha yenye alifilmer kule Vuhovi. Ndeke ya mabawa mekundu ilikuwa inakula matunda.

"Mwalimu, angalia mutu nyuma ya ndeke."

Yaya, ni Muyisa! Miaka ine tangu batu ya bunduki bamukamate ku shamba. Tulizika shina ya mugomba mu sanduku mahali ya mwili yake, padiri akabariki, wewe ukanyoa kichwa. Lakini ni yeye, na kovu yake ku shavu.

Mama hajue kitu. Na sikukupigia telefone, juu Muyisa aliona camera. Aliitazama kabisa, akaweka kidole ku midomo, kama zamani mu pori.

Mudogo wako mwenye hapana lala tangu jana,
Jacob