Tumbo Lako Nalo Lilipiga

Mwaitu, mama yangu,

Yale matuta uliyoyaacha nusu yamekwisha. Wenzako wa mwethya, kile kikundi chenu cha kuchimba pamoja kwa nyimbo, walirudi baada ya mazishi, wakaanzia pale jembe lako lilipoishia, na siku hiyo hawakuimba. Mvua ilipokuja maji yalisimama shambani. Ungeyaona, Migwani yote ingekoma kwa majivuno yako.

Mjomba Musyoka amepona. Anazunguka sokoni Mbumbuni akimfunulia kila mtu kovu la tumbo, na sigara ameacha. Akisikia jina lako hulia. Mlikuwa na ugonjwa mmoja, kaka na dada: ule mshipa mkubwa wa damu tumboni, uliovimba. Yeye daktari alimgusa mara moja tu, akapelekwa Nairobi kupasuliwa. Wewe ulitoka kumwona ukaniambia, "Hata tumbo langu linapiga kama lake." Nikaweka mkono chini ya leso, na kweli lilikuwa linapiga. Lakini daktari uliyemwendea hakukugusa. Alisema huo ni ugonjwa wa wanaume, akakupa dawa ya gesi.

Wenzako waligusa, wakacheka kwamba una mimba ya uzeeni. Ukawajibu, "Kama ni mtoto, ana haraka kuliko baba yake." Bado nacheka, Mwaitu. Halafu nakumbuka asubuhi ile mgongo ulipokuuma, ukakaza leso na kuendelea kuchimba mpaka ukaanguka, na hasira inanirudia.

Juzi nilikwenda hospitali nyingine. Daktari alikubali kwamba ugonjwa huo huwapata wanaume zaidi. Lakini wanawake nao huupata, mara nyingi uzeeni, na wao mshipa huweza kupasuka hata kabla haujavimba sana. Akaniambia niende nyumbani, mimi bado kijana. Nilikataa kushuka kitandani. Mwishowe akanigusa, akasema niko sawa, nirudi nikikaribia umri wako. Nitarudi.

Ndugu yangu Mutua amepata mtoto wa kike. Amepewa jina lako, kwa hiyo sote tunamwita mama, hata baba yetu anamwita hivyo kwa heshima zote. Nakuahidi hivi: siku atakayosema tumbo linampiga, hakuna atakayemjibu kabla ya kumgusa.

Pumzika, Mwaitu. Leso yako ninayo. Naifunga, lakini siikazi.

Mwanao,
Mwikali