Toroli Mbili, Reli Moja

Jumatatu, 15 Safar 1327

Alhamdulillahi, ni mzima. Toroli yangu, kigari changu cha kusukumwa relini, imegongana na ya Sheikhan, muuza nguo, jirani yangu, hapa Ndia Kuu. Reli ni moja. Desturi ni mdogo ashuke, toroli yake iondolewe relini, mkubwa apite. Yeye asema amenizidi umri. Mimi nimemsomesha mwanawe, Zein, nahau! Kila mmoja akamwamuru msukumaji wake: sukuma, atashuka huyo! Hakushuka mtu. Tukagongana vichwa, kisha magoti. Mimi nikaangukia mtaroni.

Jumanne, 16 Safar

Mke wangu, Mwanakuu, anikanda goti kwa maji ya moto huku akicheka. Asema tumepigana kama mabeberu wawili. Nikamjibu kwamba Sheikhan ndiye aliyenigonga.

"Na ile nundu yake ya usoni, kainunua dukani?"

Baadaye nimeusukuma ukuta kwa kiganja — ukuta nao wanisukuma. Basi nilivyompiga ndivyo alivyonipiga, kwa nguvu ile ile, papo hapo. Yeye ni mnene, mimi mwembamba. Ndiyo maana nimetupwa mbali zaidi. Namshukuru Mungu kwa kunifahamisha, na kwa kunibakishia meno.

Alhamisi, 18 Safar

Wiki hii Sheikhan alikuwa aje kumposea Zein binti yetu, Jawahir. Hakuja. Mzima humzuru mgonjwa, lakini wagonjwa ni sote wawili! Yeye angoja niende. Mimi nangoja aje. Jawahir hali chakula, haulizi neno. Mwanakuu hacheki tena. "Mwagongana tena, bwana, na hamjatoka hata majumbani. Safari hii aumia mtoto."

Sikulala vizuri.

Ijumaa, 19 Safar

Nimesali nyumbani, kwa kuketi. Shukrani kwa kila kiungo kinachokunjika.

Sasa hivi hodi mlangoni. Sheikhan! Kashikwa mkono na Zein, na Zein amevaa joho — havai mtu joho kumzuru mgonjwa wa goti. Sheikhan hawezi kupanda ngazi. Mimi sijashuka tangu Jumatatu. Apaza sauti huko chini:

"Maalim! Shuka, au nimwoze Zein ngazi hii?"

Jawahir amecheka chumbani, nimemsikia. Mwanakuu anitafutia bakora. Nimemwambia alete na kanzu mpya. Ngazi ni kali, goti lawaka moto —