Bomba Lenye Kiu

Jumanne, mvua bado

Hata sasa nalisikia likimeza.

Mwezi uliopita nilimwambia fundi ang'oe bomba la gari linaloingiza hewa kwenye injini, anifungie lile refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa la mbele. Nilitaka injini ingurume. Mtu mzima na kitambi changu, nataka kunguruma! Mke wangu, Mama Neema, alicheka sana, akaniita Simba wa Sinza.

Leo asubuhi tumekuta barabara ya Tandale imejaa maji. Madereva wenzangu walikuwa wanapita, nami nikaingia. Katikati, mngurumo ukakatika, ikabaki sauti ya kunywa, kama ya kitu chenye kiu ya siku nyingi. Nikazima injini. Ile sauti ikaendelea kidogo.

"Washa bwana, maji yananifika miguuni!" mke wangu akasema.

Mkono ulishafika kwenye ufunguo. Mchukuzi mmoja wa sokoni akagonga kioo.

"Shikamoo mzee. Usiwashe! Injini ikishayanywa hayo, ndo umeiua."

Yeye na wenzake wakatusukuma hadi pakavu.

Fundi alipofungua, chujio la hewa lilikuwa chepechepe. Maji yalibakiza kama kiganja kimoja tu kuifikia injini. Karudisha bomba la zamani, hili refu nikalitupa uani.

Mvua imerudi tangu magharibi, na linameza. Najua ni maji tu yanayoingia mdomoni mwake.

"Nenda kaligeuze, Simba," kasema Mama Neema, safari hii bila kucheka.

Nimemwambia ngoja nimalize kuandika.